Nani Atamtukana Vinod?

Ipole
6 Februari 1972

Kwa Kondo Pazi, Mzaramo wa Stesheni ya Urambo

Mtani,

Salamu sina. Nikikusalimu utadhani nimekukumbuka.

Nimesoma Kurunzi la Ijumaa, ule ukurasa wa wasomaji, nikacheka mpaka watoto wa darasa la tano wakachungulia dirishani waone mwalimu kapatwa na nini. Jamani, bado wanakushambulia! Uliandika kimstari kimoja tu, kwamba Mnyamwezi ukimpa mzigo auvushe barabara atakuuliza kwanza Bagamoyo iko upande gani, na nchi nzima imekushukia. Wa Songea kasema wewe mkabila. Wa Moshi kasema kibaraka wa wakoloni. Yule wa Musoma anataka ufukuzwe reli kabisa. Na katika wote hao hakuna hata Mnyamwezi mmoja! Mnyamwezi uliyemtukana ni mimi, nami nilikujibu palepale kwamba Mzaramo huuza mnazi apate hela ya ngoma, halafu analia njaa chini ya mnazi wa jirani. Mhariri akakataa kuichapa. Akaniandikia eti barua yangu haijengi taifa. Ndipo nikaileta kwako mwenyewe, na bahasha yetu ikaanza safari zake.

Siijutii. Kule gazetini unasema na maelfu ya watu na hakuna anayejua wewe ni nani wa nani. Ukitania, anayekujibu ni mtu asiyehusika. Hapa najua kabisa kwamba siku utakayoniandikia kwa adabu, utakuwa unaumwa.

Sasa sikia. Yule Vinod Champaklal wa duka la vitambaa Tabora, karibu na soko, anayepokea bahasha kwa gadi wa treni akampa dereva wa basi la huku, ameniomba naye atie karatasi yake ndani. Aliwahi kuandika Kurunzi juu ya uhaba wa khanga akajibiwa "rudi kwenu". Kwao ni mtaa wa pili kutoka dukani. Mimi nasema aingie. Wewe je?

Mume wangu Hilari anasema umwache mke wake.

Apolinaria Jilala, Mwalimu


Stesheni ya Urambo
15 Februari 1972

Mpagazi wangu,

Barua yako imechelewa kwa sababu treni ilisimama kupisha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa na sura za ukoo wenu.

Huyo Mhindi aingie. Mtu aliyebeba maneno yetu mwaka mzima bila kufungua bahasha ana subira kuliko mke wangu, maana mke wangu hufungua. Lakini aingie yeye peke yake! Tangu niropoke hapa stesheni kwamba tuna bahasha, watu kibao wameniomba, nimewakatalia wote. Wakijaa, mmoja atataka uenyekiti, mwingine atataka uwekahazina, na wa tatu atauliza mbona hatujathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Vikao nimevikaa, wallahi, makalio yangu ni shahidi. Ninachotaka ni mahali nikisema nimechoka, mtu ajibu "pole", au ajibu "lala basi, wewe uliyezaliwa umechoka". Huko Kurunzini ukisema umechoka wanauliza umechoka na nani, na je, unampinga nani.

Mwambie aandike kama anavyoongea. Hiyo tu ndiyo sheria.

Mwambie pia Hilari kwamba mke ni wangu, yeye nimemwazima tu.

Kondo Pazi


DUKA LA CHAMPAKLAL NA WANAWE
Tabora
1 Machi 1972
Kumb: BHS/1/72

Kwa Ndugu Waheshimiwa Wana-Bahasha,

YAH: KUJIUNGA NA BAHASHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kuwashukuru kwa kunikubalia. Ninaitwa Vinod. Nimezaliwa Tabora, na baba yangu vilevile. Nina mke mmoja, Pushpa, na duka moja. Naomba radhi kwa mtindo wa barua hii. Barua zote nilizoandika maishani ni za kuagiza mali, na mkono wangu haujui njia nyingine. Sijawahi kupata mahali pa kuandika jambo lisilo na bei.

Habari ya huku: wiki hii mama mmoja amerudisha khanga akidai maneno yake yamemuudhi mkwewe. Nikamuuliza, je, hukuyasoma kabla ya kununua? Akasema aliyasoma, ndiyo sababu alinunua.

Natumaini habari hii inafaa. Kama haifai, tafadhali nijulisheni nitume nyingine badala yake.

Wenu mtiifu,
V. Champaklal


Tabora
20 Agosti 1972

(Faragha. Naomba isiingie katika bahasha.)

Kwa Mwalimu Apolinaria,

Shikamoo Mwalimu.

YAH: USHAURI

Kaka yangu Premji, aliyehamia Leicester, Uingereza, mwaka jana baada ya serikali kuchukua ile nyumba yetu ya ghorofa, anataka nimfuate. Tangu habari za Wahindi kufukuzwa Uganda zitoke mwezi huu anaandika kila wiki. Fomu amezileta zimejazwa, imebaki sahihi yangu. Nimeahidi kumjibu kabla ya Diwali.

Mimi sitaki kwenda. Lakini Pushpa ameniuliza, "Hapa una nani?" Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba nina bahasha. Akaniomba barua zote, akaketi juu ya marobota akazisoma moja baada ya moja, akicheka. Nikafurahi. Kisha akasema, "Vinod, hawa wawili wanatukanana kama ndugu. Wewe wanakuandikia kama meneja wa benki."

Nimezisoma tena. Ni kweli, Mwalimu! Ndugu Kondo anakuita mpagazi, anakuita shingo fupi, anasema ugali wako una ukubwa wa kichuguu. Mimi ananiita "Ndugu Mheshimiwa Vinod" na kunitakia afya njema. Wewe mwenyewe mwezi wa sita ulimwambia anakoroma mpaka treni zinadhani zimepewa ishara ya kupita. Kwangu ukaandika: "Asante kwa taarifa yako."

Sikulala vizuri. Je, nimefanya kosa gani hata mniheshimu hivi?

Wako,
Vinod


DUKA LA CHAMPAKLAL NA WANAWE
Tabora
29 Agosti 1972
Kumb: BHS/14/72

Kwa Ndugu Kondo Pazi,
Stesheni ya Urambo

YAH: MATUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, napenda kukutukana kama ifuatavyo:

(a) Wewe ni mvivu. Unangoja nazi ikuangukie mdomoni ikiwa imeshakunwa.

(b) Treni zako huchelewa kwa sababu yako binafsi.

(c) Kwenu mnacheza ngoma hata mtu akipiga chafya.

Natumaini matusi haya yatakufikia salama. Tafadhali kiri kuyapokea.

Wako mtiifu,
V. Champaklal

Nakala: Mwalimu Apolinaria, Ipole


Ipole
2 Septemba 1972

Ndugu Vinod,

Marahaba. Basi la huku liliharibika, barua yako ya faragha nimeipata leo tu. Nakujibu haraka dereva akiwa anapiga honi.

Pole sana kwa mambo ya kaka yako. Hujafanya kosa lolote. Kondo ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi, utani wetu ulianza zamani za misafara, babu zake na babu zangu wakipishana kwenye njia ya Pwani na kugombea kivuli na maji. Hatukuuchagua, tumeukuta. Wewe hatujui tukuweke wapi, ndiyo maana tunakuweka juu. Nipe muda nizungumze na Kondo kwanza. Ila nakuomba kitu kimoja: kwa sasa usimtukane. Wala usijaribu!

Apolinaria


Stesheni ya Urambo
9 Septemba 1972

Mwalimu Apolinaria,

Natumaini hujambo na familia haijambo.

Naona umeshaona nakala. Barua kama hii nimewahi kupata moja tu maishani. Mwaka wa hamsini na sita, kutoka kwa Mzungu wa reli, yenye (a), (b), (c), na mwisho wake nilishushwa cheo. Nilipofungua hii ya Vinod niliitafuta sahihi ya Mzungu yule kabla sijasoma jina. "Wewe ni mvivu. Treni huchelewa kwa sababu yako." Maneno yaleyale!

Najua utasema alikuwa anatania. Anatania kwa kibali cha nani? Neno moja ukilisema wewe nacheka. Akilisema mwenye duka, nakumbuka nilivyokuwa mtoto nikisimama mbele ya kaunta na watu wazima kwenye mstari wakiitwa "boi". Mimi sikumwonea Vinod. Nilimheshimu, maana hiyo ndiyo njia niliyokuwa nayo ya kukaa naye vizuri. Sasa naye kaona heshima yangu haimtoshi.

Nimeumia, Apolinaria. Mwambie bahasha ya kwangu apewe gadi wa treni moja kwa moja, isipitie dukani.

Kondo Pazi


Ipole
16 Septemba 1972

Wewe Mzaramo,

Umeniandikia kwa adabu nikaogopa. Nimemwomba Hilari anisomee mara ya pili kwa sauti nihakikishe si barua ya msiba.

Pole. Hilo la hamsini na sita hukuwahi kuniambia, na ningekuwa mimi ningeshtuka vilevile. Lakini ngoja nikufungulie jambo nililoambiwa kwa siri, maana siri hii ikikaa kwangu itamwondoa mtu nchini. Kaka yake Vinod anamwita Ulaya. Sahihi tu ndiyo imebaki. Mkewe kamuuliza hapa una nani, akajibu "nina bahasha". Sisi, Kondo! Watu wawili, mmoja anakoroma! Halafu mkewe akamwonyesha kwamba sisi tunacheka wenyewe, yeye tunamwandikia kama Mkuu wa Wilaya. Basi maskini kakaa chini, kachukua karatasi nzuri ya duka, katukana kwa jinsi anavyojua kuagiza marinda. Hakuwa na njia nyingine. Hata nakala kaniletea! Nani anayetukana mtu kwa dharau akaweka nakala?

Sikuambii umsamehe. Nimemtaka aandike, bila Kumb wala Yah, watu wake walifikaje Tabora. Karatasi yake naiweka humu. Isome ukiwa umekula.

Apolinaria


Tabora
12 Septemba 1972

Mwalimu, shikamoo,

Umesema niandike kama ninavyoongea na wateja ninaowapenda. Haya.

Babu yetu alishuka Bagamoyo kabla reli haijajengwa, kijana mwembamba, ana viatu vipya vyeusi na sufuria moja kubwa ya shaba ambayo mama yake alimwapisha asiipoteze. Tajiri mmoja wa Kihindi alimtuma aje kuangalia duka Tabora. Akaunganishwa na msafara wa Wanyamwezi waliokuwa wanarudi kwao. Sufuria ilikuwa nzito, akakodi Wazaramo wawili waibebe. Walibeba vizuri sana mpaka mto Kingani. Hapo wakakaa chini wakamwambia nchi yao imeishia hapo, ng'ambo hawana ndugu, basi atangulie wao watafikiri. Babu akavuka. Alipogeuka, Wazaramo hawapo, sufuria haipo!

Alilia. Wanyamwezi walicheka mpaka wakatua mizigo. Mmoja akamvua viatu, akavining'iniza kwenye mzigo wake, akasema havirudi mpaka Mhindi aimbe. Babu akaimba wimbo wa harusi wa kwao, njia nzima, Ugogo yote, miguu imejaa funza, kila jioni wanamtaka aurudie. Alipofika Tabora alikuwa anajua Kinyamwezi kuliko hesabu. Alimwambia baba kwamba hajawahi tena maishani kuchekwa vile na watu wasiomtakia mabaya.

Baba aliposimulia kisa hiki alikuwa anatukana Wazaramo wote huku anafuta machozi ya kicheko. Ndiko nilikoyatoa yale matusi ya Ndugu Kondo, sikuyatunga. Mwambie nimejuta. Nilidhani yanatumika popote.

Vinod


Stesheni ya Urambo
7 Oktoba 1972

Mpagazi wangu,

Lahaula! Nimesoma ile karatasi kwenye benchi la abiria, nikaangua kicheko mpaka mama mmoja wa tumbaku akahama na mizigo yake.

Kumbe sufuria! Babu zangu walimwibia sufuria! Na mimi mwaka huu mzima namwandikia "Ndugu Mheshimiwa" kama mjinga, kumbe si mgeni hata kidogo, huyu tulishamwibia zamani! Mtu aliyeibiwa na ukoo wako utamwambiaje "afya njema"? Nimeona haya.

Sikiliza sasa, na usimwambie kitu. Utani hauombwi kwa barua wala hautolewi kwa barua. Mtani anakuja, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, anakwenda zake, na wewe ukikasirika umeshindwa. Jumamosi ijayo nina ruhusa ya siku mbili. Nakuja Tabora. Naingia dukani kwake, nachukua kitu kinachoonekana, natoka nacho kwa mwendo wa madaha. Atafahamu. Mtu aliyekua na kisa cha sufuria lazima afahamu!

Kondo Pazi, mwizi wa ukoo


Tabora
14 Oktoba 1972, Jumamosi

Mwalimu, shikamoo,

Nakuandikia nikiwa bado natweta. Leo nimeibiwa, na mwizi nimemkamata!

Nilikuwa nimeinuka kumshushia mteja kitenge. Akaingia mtu mnene wa makamo, suruali ya kaki, kofia ameivuta mbele. Hakusalimia. Akachukua kiti changu, kile cha kukunja ninachokalia mlangoni, akakiweka kichwani, akatoka polepole kama bwana harusi. Mlangoni akageuka, akanitazama, akatabasamu! Mwalimu, nimeishi Tabora miaka yote hii, sijawahi kuona mwizi mwenye dharau hivyo. Nikapiga kelele, "Mwiziii!"

Hapo tabasamu likamtoka akaanza kukimbia. Nikamfuata, na mafundi cherehani wote wa barazani nyuma yangu, mmoja na mkasi, mwingine ana suruali ya mteja begani. Tulizunguka soko, tukapita kwenye samaki, tukarudi kwenye nyanya. Mwisho mwizi alichoka. Unajua alifanya nini? Alikikunjua kiti changu katikati ya soko, akakikalia apumue! Ndipo mgambo wa soko, yule Kornel, akamshika.

Kila anapoulizwa jina anacheka tu. Kornel amemfungia kwenye chumba cha mifagio. Jumatatu tutampeleka mbele.

Nilitamani Ndugu Kondo angekuwapo aone. Labda angejua kwamba hata mimi huweza kukimbia. Bado hajaniandikia. Fomu za Premji nimezitoa kabatini, ziko mezani.

Vinod


Chumba cha mifagio, sokoni Tabora
14 Oktoba 1972

Mpagazi wangu,

Naandika juu ya karatasi ya kufungia sukari. Dereva wa basi lenu amekubali kuibeba, baada ya kucheka kwanza.

Hakufahamu! Nimetoka na kiti kwa madaha yote niliyojaliwa, nikageuka nikampa tabasamu la mtani kabisa, akaniitia mwizi! Mimi sijawahi kuiona sura yake, wala yeye yangu, hilo sikulifikiria. Umri huu nimekimbizwa na mafundi cherehani, Apolinaria. Goti limevimba.

Utaniuliza mbona sikusema mimi ni Kondo. Nikisema, ataniangukia miguuni, ataomba radhi, ataniletea chai, nami nitakuwa Ndugu Mheshimiwa mpaka kufa. Sikuja kuombwa radhi mimi! Nimekuja kutukanwa.

Balaa la pili, huyu Kornel ni Mnyamwezi wa Nzega. Nilipomnong'oneza kwamba mimi ni Mzaramo aliinua mikono juu akamshukuru Mungu. Amenifagilisha chumba, halafu ameniambia nifagie tena huku nikiimba. Usiku nitalala kwake, mkewe anapika, ila kesho asubuhi nirudi kifungoni. Anasema Mzaramo kama huyu hapatikani kila mwaka.

Fanya kitu. Lakini usinitie aibu.

Kondo


(Kwa mkono wa dereva)

Ipole
15 Oktoba 1972

Vinod,

Mwizi wako ni Kondo Pazi. Hakuja kuiba, amekuja kuwa mtani wako, na kiti ndiyo hodi yake. Nenda sasa hivi. USIMWOMBE RADHI. Ukimwomba radhi tu umeharibu kila kitu na mimi nitakuja huko nikupige kwa rula.

Apolinaria


Tabora
20 Oktoba 1972

Kaka Premji,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Usiniambie umeshakisahau, mwaka mmoja hautoshi kusahau lugha uliyojifunza kutukania.

Fomu zako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sikuzitia sahihi. Siji.

Ulisema katika barua yako ya mwisho kwamba Tabora hakuna anayenijua, wananijua mkono tu, ule unaopima kitambaa. Mwezi uliopita ningekubali. Jumapili mchana nilikwenda sokoni kumtoa mwizi kifungoni. Alikuwa mtu wangu wa Urambo, tuliyeandikiana miezi saba bila kuonana, nami nilimkimbiza soko zima. Nilipojulishwa ni nani, nilikimbia mtaani sina hata kiatu kimoja. Nilikuwa nimepanga radhi ndefu sana, Kaka, na bado nilikuwa nimekatazwa kuitoa. Kornel akafungua mlango. Yule bwana amekaa juu ya debe, ufagio mkononi, ananitazama. Mdomo wangu ukafunguka, radhi ikawa imefika hapa kooni. Wallahi sijui nini kilinishika. Nikasema kwa sauti, soko zima linasikia: "Mzaramo gani huyu! Babu zenu walitoroka na sufuria ya shaba, mto mzima katikati, wewe unashindwa kutoroka na kiti?"

Nikaona nimekwisha. Kisha Kondo akaanza kucheka, Kaka, akacheka mpaka debe likaanguka, Kornel akakaa chini, na mafundi cherehani waliokuja kutoa ushahidi wakashikana mabega. Nami nikacheka nikalia. Nililia mbele ya watu nikaona raha.

Tulimpeleka nyumbani. Pushpa alimkanda goti. Kondo akamshukuru kwa kumwita "mke wangu wa pili", akamwuliza amevumiliaje kulala na mtu anayeandika Yah. Pushpa amemtupia chapati. Jana nimepata bahasha ya kwanza tangu siku ile. Sikuwa Ndugu, sikuwa Mheshimiwa. Iliandikwa juu: "Kwa Mhindi mpiga yowe." Mwalimu Apolinaria naye ameongeza ukurasa mzima juu ya namna nilivyokimbia, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kaka yangu mkubwa. Pushpa ameyasoma mara nyingi kuliko mimi, na habari ya Leicester hajaitaja tena. Jana ameniuliza kama Ipole kunafikika na basi kwa siku moja.

Kule kwenye Kurunzi niliwahi kuambiwa "rudi kwenu", maneno mawili tu, na yalinitesa mwaka mzima. Hawa wamenitukana kurasa nne nimelala kama mtoto. Sijui nikuelezeje.

Unauliza nikifa huku nani atanililia. Kaka, hawatalia. Kondo ameshaapa mbele ya mke wangu kwamba siku hiyo, kama watani wafanyavyo msibani, atakuja na treni ya kwanza, atavaa shati langu la harusi, atalala juu ya kuni za kunichomea, na hakuna atakayewasha moto mpaka nimtoe. Nikamwambia, "Nitakutoaje nami nimekufa?" Akasema, "Basi hatukuchomi. Huendi popote."

Mdogo wako,
Vinod